Hasira Inayouzwa Kila Jioni

Usiku wa tarehe 3 Novemba 2020, Wamarekani walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakisubiri kujua kama Donald Trump angeendelea kuwa rais wao au angeingia Joe Biden. Huko New York, ndani ya kituo cha Fox News, kulikuwa na chumba cha watu ambao kazi yao haikuwa maneno. Walikuwa watu wa hesabu. Wanapokea idadi ya kura kutoka kila jimbo, wanaipima, wanatazama kura zilizobaki, na wakishakuwa na hakika wanawaambia watangazaji kwamba jimbo fulani limekwenda kwa fulani. Ilipofika saa 5:20 usiku, wakasema Arizona imekwenda kwa Biden.

Vituo vingine vyote vilikuwa bado kimya kuhusu Arizona. Na Fox, wanangu, ndicho kituo kilichopendwa na wafuasi wa Trump kuliko vyote. Wasaidizi wa rais wakaanza kupiga simu wakitaka tangazo lile lifutwe. Watazamaji wakawaka, wakaona wamesalitiwa na watu wa nyumbani kwao. Wale wa hesabu hawakuyumba, na walikuwa sahihi: kura zilipokwisha kuhesabiwa, Biden alikuwa ameshinda Arizona kwa kura 10,457. Mmoja wa viongozi wa kazi ile, mhariri wa siasa Chris Stirewalt, aliachishwa kazi Januari 2021. Kituo kilisema ni mabadiliko ya muundo tu.

Nimeanza na usiku ule kwa sababu, tukisikia habari za vyombo vya habari vinavyopotosha, wengi huwa tunamfikiria mwongo mmoja aliyejifungia mahali akapanga kuidanganya dunia. Hapa haikuwa hivyo. Fox ilianza kwa kusema kweli, na kweli ikaiponza. Yaliyofuata ni kisa cha watu walioujua ukweli, wakaandikiana ukweli huo kwa simu zao, kisha wakaketi mbele ya kamera na kuacha uongo upite.

Kwanza tuwajue wahusika. Kwenye televisheni yupo mwandishi wa habari na yupo mchambuzi, na shida ni kwamba wote wawili huvaa suti zilezile na kukaa kwenye meza ileile. Mwandishi huenda mahali jambo lilipotokea, huuliza, huandika, hupiga simu mara ya pili kuhakikisha. Mchambuzi hutoa maoni. Wapo wachambuzi waliolisoma jambo kwa miaka mingi, na ukimaliza kuwasikiliza unaona umeelewa kitu. Hao nawaheshimu. Ninaowazungumzia ni wale ambao chama chao kikivuruga wanakitafutia udhuru, na chama cha wenzao kikikohoa tu wanapiga mbiu ya hatari.

Watu wa aina hii hawakuzuka ghafla. Kuanzia 1949, tume ya FCC inayosimamia redio na televisheni za Marekani ilivitaka vituo vinavyotumia masafa ya umma vizungumzie mambo yenye mvutano na vitoe nafasi kwa mitazamo inayopingana. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1987, wakati wa Rais Ronald Reagan. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaanza kusikika redioni nchi nzima, kwa saa kadhaa kila siku ya kazi, sauti moja na upande mmoja, na redio nyingi zilizokuwa hoi zikapata uhai. Wapo wanaosema kanuni ile ikirudishwa mambo yote yatatengemaa. Sikubaliani nao, kwa kuwa televisheni za kebo, ambako kisa chetu kimetokea, hazitumii masafa ya umma kama redio zile. Ila Limbaugh aliwaonyesha wenye mitaji jambo ambalo hawakulisahau: upande mmoja unalipa.

CNN ilikuwa imeanza mwaka 1980 ikitangaza habari saa 24. Mwaka 1996 zikaja MSNBC mwezi Julai na Fox News mwezi Oktoba. Sasa fikirini, saa 24 zitajazwa na nini? Kumpeleka mwandishi kwenye mafuriko kunahitaji nauli, mpiga picha, mahali pa kulala, na huenda siku ya kwanza asipate la maana. Mchambuzi anahitaji kiti, taa na poda kidogo usoni. Anakuja akiwa na maoni yake tayari, na yakiisha anazalisha mengine. Ndiyo sababu saa za jioni, zile ambazo watu wengi wako nyumbani, zikawa za wachambuzi.

Fedha za vituo hivi zinatoka kwa wenye matangazo ya biashara, na pia kwa kampuni za kebo zinazolipia kila nyumba iliyounganishwa. Wote wawili wanataka kitu kimoja: mtu asiondoke. Na katika hisia zote, hasira ndiyo inayomshikilia mtu kitini. Ukisikia jambo la kufurahisha utatabasamu, kisha utaamka ukaangalie chai. Ukiambiwa kuna watu wanakudharau, wanaitukana dini yako na wanataka kuwaharibu watoto wako, utakaa usubiri kuona watajibiwaje. Na kesho jioni utarudi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliochunguza zaidi ya jumbe nusu milioni za Twitter kuhusu siasa waliona kwamba kila neno la kuhukumu na kusisimua lililoongezwa katika ujumbe liliongeza kusambaa kwake kwa takribani asilimia 20. Wachambuzi walikuwa wameshalijua hilo bila utafiti. Walijua tangu zamani namna ya kumpandisha mtu mori.

Tazameni jinsi hasira inavyopikwa. Mtangazaji anayetaka kusema jambo asilolijua hasemi kwamba limetokea. Anauliza: je, inawezekana? Mbona hawataki tuliongelee? Watu wanasema. Nasi tumelelewa na methali ya lisemwalo lipo, kwa hiyo tukisikia watu wanasema, moyo umeshaanza kukubali. Chini ya kioo yanakimbia maandishi makubwa yanayobaki hata ukizima sauti. Analetwa mgeni wa upande wa pili, mmoja tu na aliyechaguliwa kwa udhaifu wake, ili akatizwe maneno na achekwe. Halafu kinaletwa kipande cha video.

Kipande cha video kinastahili tukikalie kidogo. Tarehe 18 Januari 2019, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln jijini Washington, mvulana wa miaka 16 kutoka Kentucky, akiwa na kofia nyekundu ya wafuasi wa Trump, alisimama uso kwa uso na mzee mmoja wa Wenyeji wa asili wa Marekani aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba. Mvulana alikuwa akitabasamu. Kipande hicho kifupi kilisambaa, na kesho yake nchi ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: mtoto wa kizungu amemdhihaki mzee. Safari hii walioongoza kelele walikuwa wachambuzi wa mrengo wa kushoto, na hata baadhi ya wale wa kulia wakaungana nao. Zikatokea video ndefu, moja ya karibu saa 2, na mambo yakawa si yale. Kulikuwa na kundi jingine la wanaume lililokuwa likiwatukana wavulana wale muda mrefu kabla, na mzee ndiye aliyewasogelea, kwa maelezo yake akitaka kutuliza hali. Hadi leo watu wanabishana kuhusu tabasamu lile. Lakini wachambuzi hawakuwa na haki ya kumhukumu mtoto wa miaka 16 kwa sekunde chache. Alishtaki, na CNN ikamaliza kesi naye nje ya mahakama Januari 2020. Gazeti la Washington Post likafuata mwezi Julai. Nimewaletea kisa hiki makusudi, ili msije mkadhani kwamba ugonjwa ninaoueleza ni wa chama kimoja.

Sasa turudi 2020.

Baada ya Arizona, watazamaji wa Fox wakaanza kuhama. Walikwenda kwenye kituo kidogo kiitwacho Newsmax, ambacho kilikuwa tayari kuwaambia walichotaka kusikia, kwamba Trump ameibiwa. Ndani ya Fox hofu ikaingia. Na hapo ikajitokeza hadithi iliyofaa kabisa kuwarudisha watu kitini.

Hadithi yenyewe ilihusu mashine za kupigia na kuhesabia kura za kampuni ya Dominion, iliyoanzia Toronto, Kanada, na ambayo makao yake yalikuwa Denver. Ilidaiwa kwamba mashine zake zilihamisha kura za Trump kwenda kwa Biden. Kwamba programu yake ilitengenezwa Venezuela ili Hugo Chávez ashinde chaguzi, ingawa Chávez alikuwa amefariki tangu 2013. Na kwamba kampuni iliwahonga maofisa ili wanunue mashine zake. Tarehe 8 Novemba wakili aitwaye Sidney Powell alikaribishwa kwenye kipindi cha Maria Bartiromo ndani ya Fox na kuyasema madai ya wizi mbele ya nchi nzima.

Alikuwa na ushahidi gani? Siku moja kabla, Powell alikuwa amemtumia Bartiromo barua pepe aliyoandikiwa na mwanamke mmoja. Mwandishi wa barua ile alidai kujua jinsi Dominion ilivyoiba kura. Katika barua hiyohiyo alieleza pia kwamba upepo huzungumza naye na kumwambia kuwa yeye ni mzimu, na kwamba baadhi ya mambo huyapata akiwa katika hali ya nusu ndoto. Alipoulizwa baadaye chini ya kiapo, Bartiromo alikubali kwamba barua ile haikuwa na maana. Sina la kumlaumu mwanamke yule. Huenda alikuwa na shida zake. Waliokuwa na wajibu ni wale walioisoma barua yake na wakafungua kipaza sauti hata hivyo.

Wiki zile zote, watangazaji wakubwa wa kituo walikuwa wakiandikiana kwa simu. Tucker Carlson alimwandikia mwenzake Laura Ingraham kwamba Powell anadanganya na kwamba yeye mwenyewe amemnasa. Ingraham akajibu kwamba Powell hana akili timamu. Sean Hannity, ambaye naye alimpa Powell nafasi kwenye kipindi chake, alikuja kusema chini ya kiapo kwamba hakuamini madai yale hata kwa sekunde moja.

Tarehe 12 Novemba, mwandishi kijana wa Fox, Jacqui Heinrich, alifanya kazi yake. Trump alikuwa ameandika kwenye Twitter akiwasifu Hannity na mwenzake Lou Dobbs kwa mambo waliyoyasema kuhusu Dominion. Heinrich akaandika hapohapo kwamba maofisa wa uchaguzi wamesema hakuna ushahidi wowote kuwa mfumo wa kura ulifuta, kupoteza au kubadilisha kura. Ilikuwa sentensi ya kweli. Carlson alipoiona alimwandikia Hannity akitaka binti yule afukuzwe kazi. Alisema jambo lile likome usiku uleule, maana linaiumiza kampuni na bei ya hisa imeshuka. Kufikia asubuhi, ujumbe wa Heinrich ulikuwa umefutwa.

Ni haki niseme pia kwamba Carlson alijaribu mara moja kusema kweli. Tarehe 19 Novemba aliwaambia watazamaji kwamba amemwomba Powell ushahidi mara kadhaa na hakupewa chochote. Watazamaji walimjia juu kwa matusi. Hapo mnaona jinsi mnyororo unavyofunga pande zote mbili: mtangazaji anawalisha watu hasira, watu wanaizoea, na siku akitaka kuwapa kitu kingine wanamgeuka. Kituo kinachosema kinawaongoza watazamaji wake kinakuta kinawaogopa.

Siku hiyohiyo ya 19 Novemba, jimbo la Georgia lilitangaza matokeo ya kazi kubwa mno. Mashine za Dominion zilizotumika Georgia zilichapisha karatasi, kwa hiyo maofisa walizitoa karatasi zote, zipatazo milioni 5, wakazihesabu kwa mikono. Kama mashine zingekuwa zimehamisha kura, mikono ingekuta tofauti kubwa. Mikono ilikuta kwamba Biden ameshinda. Habari ile ilitosha kumaliza hadithi ya Dominion pale Georgia, lakini haikumaliza chochote, kwa sababu uongo ulikuwa tayari umepata sura za watu.

Katika ukumbi wa State Farm Arena, jijini Atlanta, walikuwapo mama mmoja na binti yake waliofanya kazi ya kuhesabu kura. Majina yao yamekwisha kutajwa kwa ubaya mara nyingi mno, sitayarudia. Kamera za ulinzi za ukumbini zilikuwa zimewarekodi. Mapema Desemba, upande wa Trump ulionyesha kipande cha video ile na kusema wanawake wanatoa masanduku ya kura bandia chini ya meza. Yalikuwa makasha ya kawaida ya kuhifadhia kura, yaliyowekwa pale mbele ya watu. Wachunguzi wa Georgia waliitazama video nzima na hawakuona wizi wowote. Kipande kifupi kikaendelea kurushwa. Siku chache baadaye Rudy Giuliani, wakili wa Trump, akaongeza kwamba mama na binti walionekana wakipeana flashi kwa siri, mithili ya wauza dawa za kulevya. Binti alikuja kueleza mbele ya kamati ya Bunge kitu ambacho mama yake alimpa siku ile. Ilikuwa pipi ya tangawizi.

Kwa ajili ya pipi hiyo, binti alitumiwa jumbe za kumtishia kifo, nyingine za kibaguzi za kutisha, na simu ya mtoto wake wa kiume, aliyekuwa na miaka 14, nayo ikapokea matusi. Watu wasiojulikana walikwenda nyumbani kwa bibi wa binti huyo wakijaribu kuingia kwa nguvu, wakisema wamekuja kuwakamata binti na mama yake. Januari 2021 FBI ilimshauri mama aihame nyumba yake kwa usalama, akakaa nje kwa karibu miezi 2. Katika simu ya tarehe 2 Januari kwa maofisa wa Georgia, rais wa nchi alimtaja mama huyo kwa jina mara 18. Mama alisimulia kwamba alikuwa na fulana aliyoipenda, yenye jina lake, na kwamba haivai tena. Akienda dukani hupata hofu mtu anayemfahamu akimwita kwa jina, kwa kuwa hajui nani mwingine anasikiliza. Alikuwa mtu wa mtaani kwake, anayefahamika na majirani, na kwake jina lilikuwa fahari.

Desemba 2023 baraza la mahakama liliamua Giuliani awalipe mama na binti dola milioni 148. Nafurahi walipata haki. Lakini niwaambie, mimi sijui hesabu inayoweza kumrudishia mtu jina lake.

Mwajua pia yaliyotokea tarehe 6 Januari 2021, watu walipovamia Bunge jijini Washington wakiamini wanakomesha wizi. Alasiri ile Ingraham na Hannity walimwandikia mkuu wa ofisi ya rais, Mark Meadows, wakiomba Trump awaambie watu warudi nyumbani. Walijua waliokuwa mle ndani ni nani. Jioni, hewani, Ingraham akadokeza kwamba huenda wapinzani wa mrengo wa kushoto walijipenyeza katika umati ule.

Nyinyi mtauliza: tumejuaje waliyoandikiana kwa siri? Tumejua kwa sababu ya kesi. Machi 2021 Dominion iliishtaki Fox katika mahakama ya Delaware kwa kukashifiwa, ikidai dola bilioni 1.6. Sheria ya Marekani inafanya kesi kama hizi kuwa ngumu, na kwa sababu nzuri. Wakati wa harakati za haki za watu weusi, viongozi wa Alabama walijaribu kuikomoa New York Times kwa tangazo lililomuunga mkono Martin Luther King, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba kiongozi wa umma anayedai amekashifiwa lazima athibitishe kuwa chombo kilijua kinasema uongo, au hakikujali kabisa kama ni kweli au uongo. Uamuzi ule ulivilinda vyombo vya habari dhidi ya wakubwa. Ndiyo maana Dominion ilihitaji kuonyesha watu wa Fox walikuwa wakijua nini. Mahakama ikaamuru barua pepe na jumbe za simu zitolewe, na vichwa vya watu vikafunguliwa hadharani.

Fox ilijitetea kwamba madai ya rais na mawakili wake ni habari, na chombo cha habari kina haki ya kuyaripoti. Utetezi huo si wa kubezwa. Rais akidai jambo kubwa, litangazwe. Lakini kuripoti kwamba fulani amedai ni tofauti na kumwachia uwanja, kutikisa kichwa akizungumza, na kunyamaza kuhusu yale unayoyajua. Tarehe 31 Machi 2023 Jaji Eric Davis aliandika kwamba ni wazi kabisa hakuna hata moja ya kauli zile kuhusu Dominion iliyokuwa ya kweli.

Mmiliki mwenyewe, Rupert Murdoch, aliulizwa maswali chini ya kiapo. Alikubali kwamba baadhi ya watangazaji wake waliuunga mkono uongo ule. Aliulizwa kama angeweza kuwazuia wasimlete Giuliani hewani. Akasema angeweza, ila hakufanya hivyo. Akaulizwa pia kuhusu mfanyabiashara mmoja wa mito ya kulalia, mtangazaji mkubwa wa biashara kwenye kituo, aliyeendelea kukaribishwa na madai yake ya wizi wa kura. Wakili akamwambia: hapa suala si rangi nyekundu wala bluu, ni kijani. Nyekundu ni rangi ya chama cha Republican, bluu ya Democratic, na kijani ni rangi ya noti ya dola. Murdoch akakubali.

Tarehe 18 Aprili 2023, baraza la mahakama likiwa limekwisha kuchaguliwa na kesi iko mlangoni, Fox ilikubali kuilipa Dominion dola milioni 787.5. Kwa hiyo hakuna mtangazaji aliyepanda kizimbani. Makubaliano hayakuilazimisha Fox kuomba radhi hewani, na kituo kilitoa taarifa kikisema kinatambua uamuzi wa mahakama kwamba baadhi ya madai yalikuwa ya uongo. Mtu aliyesikia hadithi ya Venezuela jioni baada ya jioni, kwa sauti za watu aliowaamini, hakuwasikia watu haohao wakimwambia jioni moja kwamba haikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki. Kampuni ililipwa, mtazamaji hakurudishiwa kitu. Naye ndiye aliyedanganywa.

Vipande vya vipindi hivi vinafika kwenye simu zenu, vya Marekani na vya kwetu vinavyoiga mtindo uleule. Mkikutana na kimoja, jaribuni zoezi hili. Chukueni karatasi, upande mmoja mwandike kilichotokea: nani, wapi, lini, na aliyeshuhudia ni nani. Upande wa pili mwandike mlivyoelekezwa kuhisi. Mara nyingi upande wa kwanza utabaki na mstari mmoja, na wa pili utajaa. Kisha mtafute video nzima, au mwandishi aliyekuwapo, kabla hamjamtumia mtu mwingine.

Mwaka 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi ule, wasomi wawili wa siasa, David Broockman na Joshua Kalla, walifanya jaribio na mamia ya watazamaji wa kawaida wa Fox. Sehemu yao walilipwa dola 15 kwa saa, hadi saa 7 kwa wiki, watazame CNN mwezi wa Septemba, na walipewa maswali kuhakikisha kweli wametazama. Wengi wa watu hawa walikuwa wahafidhina wenye misimamo yao, na wala hawakugeuka kuwa wafuasi wa Biden. Lakini walijua mambo ambayo wenzao hawakuyajua, kuhusu korona, kuhusu kura za posta. Na walipungua imani kwamba Fox ingewaambia kama Trump angefanya kosa. Ilichukua mwezi mmoja tu. Mwezi ulipokwisha, malipo yakakoma, na wengi wakarudi kwenye kituo chao. Walipoulizwa tena baada ya miezi 2, sehemu kubwa ya mabadiliko yale ilikuwa imefifia.